Jua la Bergen na Uji wa Bi Zuhura

Ipo Ramadhani moja, mwanangu, ambayo kila nikiikumbuka hupandwa na hasira, na aliyenikasirisha ni mimi mwenyewe.

Usicheke kwa kuwa nakuita mwanangu. Najua nina miaka kumi na saba tu, na ndevu zangu ukizihesabu kwa vidole, vidole vinabaki. Lakini nimesikia wazee wa mtaa wetu hapa Ngamiani wamekuchagua uwe msomaji wao wa barua, kwa sababu umefika darasa la saba na Kiingereza unakiokota okota. Kazi hiyo nilikuwa nayo mimi kabla yako, nikaiharibu. Kwa hiyo katika jambo hili mimi ni mzee. Kaa usikilize, na hiyo miguu usiitingishe.

Mwaka juzi, siku mbili kabla mwezi haujaandama, Bi Zuhura aliniita nimsomee barua ya mwanawe. Huyo mwanawe, Hatibu, ni baharia katika meli ya Wanorwei inayokuja bandarini kwetu kuchukua mkonge. Barua ilikuwa fupi. Meli imeharibika mtambo, imekwama katika mji wa pwani kwao Norwei uitwao Bergen, na itakaa huko mwezi mzima. Yeye mzima, anasalimu wote, anaomba dua.

Mtu mwingine hapo angesema alhamdulillahi tukaagana. Bi Zuhura barua ikiisha ndipo anapoanza. Mji huo uko wapi? Una watu wema? Wanakula nini? Muhogo upo? Hakuna muhogo? Sasa watu hao wanaishije? Nami nilikwisha vaa kaptula ya mpira, wenzangu wananingoja uwanjani. Nilikuwa na kitabu cha jiografia cha shule chenye kurasa tatu nzima juu ya mji huo. Nilikuwa nimesoma ukurasa mmoja, tena nusu yake nikitazama picha.

Nikamwambia mji umezungukwa na milima saba. Hilo kweli. Nikamwambia mvua yake hunyesha mpaka samaki hupanda ngazi za nyumba. Hilo nililitunga pale pale. Shoga yake aliyekuwa anachambua mchele akacheka, na mimi mtu akinichekea huwa sina breki.

"Na mwezi huu, Bi, kwao jua halizami. Linazunguka tu huko juu kama nzi."

"Halizami kabisa?"

"Kabisa, Bi."

Nikakimbilia mpirani. Tulifungwa, na ilinistahili.

Siku ya tatu ya mfungo mama alinitazama kwa jicho ambalo nalijua. "Nenda kwa Bi Zuhura," alisema. "Tangu mwezi uandame anafungua kwa maji, basi. Chakula hagusi. Anasema muulizeni msomaji wangu."

Nilifika adhana ya magharibi ikitoka. Bi Zuhura alipiga funda moja la maji, akalisukuma bakuli la uji wa pilipili manga mbele yangu.

"Shikamoo, Bi. Mbona huli?"

"Marahaba. Hatibu kafuturu?"

Nikalirudisha bakuli mbele yake.

"Si ulinambia kwao jua halizami? Sasa mimi ninywe uji, na mwanangu amekaa juani anangoja magharibi isiyokuja?"

"Lakini msafiri ana ruhusa ya kula, Bi."

"Hatibu nimemlea mimi. Ruhusa hizo hazitaki."

Hapo, mwanangu, mtu mwenye akili angesema nilikudanganya, Bi, nisamehe. Mimi nikasema, "Nimesikia jua la kule limeshazama. Jana. Redioni."

"Redio ya nani? Mtaa huu redio ni moja, ya mwenye duka, na imekufa tangu Shaabani."

Kesho yake nilimwendea mwalimu wetu wa jiografia, Mwalimu Mhina, Mbondei wa Muheza. Nikamweleza yote. Aliendelea kusahihisha madaftari, moja baada ya jingine, mpaka nikatamani anichape tu yaishe.

"Kurasa tatu," alisema mwishoni. "Mama wa watu hajui kusoma, anakutegemea wewe, na wewe umeshindwa na kurasa tatu. Pasipozama jua ni kaskazini mbali zaidi, mwendo wa siku kadhaa kwa meli kutoka Bergen. Fungua kitabu. Soma kwa sauti."

Nikasoma mpaka koo likakauka, na nilikuwa nimefunga.

Alasiri nikaenda kwa Bi Zuhura na kitabu kwapani. Nikamwambia nilimdanganya, kisha nikamsomea, nikigeuza Kiingereza kwa Kiswahili, neno kwa neno. Kwamba mji huo ulianzishwa na mfalme wa kale, zaidi ya miaka mia nane iliyopita, kwenye ghuba yenye maji matulivu, na zamani wafalme walikaa hapo. Kwamba upepo wa bahari hugonga ile milima ukamwaga mvua, kama mawingu yanavyokwama Usambara kwa Washambaa. Kwamba samaki wakavu walishushwa kutoka kaskazini, na wafanyabiashara wa Kijerumani wakaja kuwabadilisha kwa nafaka, wakajenga nyumba za mbao zimebanana kando ya gati. Ndani ya nyumba hizo kuwasha moto kulikatazwa. Walipikia na kuota moto katika majumba ya pembeni, na bado mji uliungua mara nyingi, na kila ukiungua wakaujenga vile vile. Kwamba sasa lipo gari linalovutwa kwa kamba ya chuma mpaka juu ya mlima, watu wakautazame mji wao na bahari.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, Bi."

"Na haya nayo umeyatunga saa ngapi?"

Niliapa. Akasema hata siku ya barua nilikuwa karibu kuapa. Mwanangu, nilikuwa na ukweli mtupu mikononi, na mtu mwenye njaa haupokei kwa sababu umeshikwa na mimi.

Akamwita Mwanaidi wa nyumba ya pili, msichana wa darasa la nane, akampa kitabu asome, kisha akanigeukia mimi. "Na wewe nenda kakae barazani. Midomo uifunge."

Nikakaa nje ya mlango nikisikia. Mwanaidi alikwama kwenye neno, nikataka kumsaidia.

"Nimesema uifunge," sauti ya Bi ikatoka ndani. Kisha akaanza kumhoji. "Milima mingapi?"

"Saba, Bi."

"Samaki wanapanda ngazi?"

"La, Bi. Wanauzwa sokoni. Wengine wako hai, wamewekwa ndani ya maji."

"Na jua?"

Kurasa zikafunuliwa. Mwanaidi hana haraka, alisoma mstari ule mara mbili. "Linazama, Bi. Mwezi huu linachelewa sana, mpaka saa tano ya usiku. Lakini linazama."

"Saa tano," alisema Bi Zuhura. "Maskini mwanangu. Basi naye anakula."

Saa tano ya kule ni saa ngapi ya Tanga, hakuuliza, nami midomo nilikuwa nimeamriwa niifunge. Adhana ilipotoka nilisikia kijiko kikigonga bakuli. Kikagonga tena.

"Wewe wa barazani, ingia ufuturu," alisema. "Kukusamehe tutazungumza kesho."

Hiyo kesho haijafika mpaka leo. Barua za Hatibu tangu hapo anasoma Mwanaidi, na nikipita Bi huisukuma barua chini ya mkeka. Mwezi ujao Mwanaidi anaolewa Pangani, ndiyo maana wamekutafuta wewe.

Basi nakuambia. Yule mama hana macho mengine ya kumtazamia mwanawe ila yako. Soma mpaka mwisho kabla hujafungua mdomo. Usilolijua sema sijui, Bi, nitauliza. Neno hilo halijamlaza mtu njaa. Na utani fanya nami, fanya na wenzako mpirani, usiufanye na mji ambao mtoto wa mtu yumo ndani yake.

Mungu akupe macho yasiyochoka na ulimi unaomngoja mwenzake jicho. Akuepushe na mtu wa kukuchekea wakati mbaya. Na Bi Zuhura akikuita, akuamini siku zote, kama alivyokuwa akiniamini mimi.