Ziwa Tulilopewa

Watu wa kijijini kwa cucu, bibi yangu, walijiita watu wa mlimani, na walipotaka kujikweza zaidi walijiita watu wa ziwani. Hakuna jina kati ya hayo mawili walilostahili. Ziwa lilikuwa bwawa la kumwagilia kahawa, kati ya Gatongora na Juja, na mlima ulikuwa udongo uliotoka humo bwawa lilipochimbwa, ukarundikwa kando. Mbuzi aliupanda hadi kileleni kabla hajameza alichokuwa akitafuna. Lakini juu yake palijengwa kanisa la mabati, na mhubiri alipotamka "hapa mlimani" ungedhani amepanda siku tatu kwa miguu. Asubuhi anga ikiwa safi, Mlima Kenya wenyewe ulionekana kaskazini, na wazee waliutazama bila wivu wowote.

Nami nilikuwa mmoja wao, msichana wa kuhamia. Nilizaliwa Thika mjini, katika vyumba vya kupanga karibu na viwanda, nikaletwa kwa cucu, mamake baba, katikati ya miaka ya tisini, baada ya matokeo ya kidato cha nne kunitia fedheha. Alama zangu hazikufika chuo kikuu. Chuo chenyewe kilikuwa hapo Juja, mwendo wa miguu, kwa hiyo kila Jumamosi nilipita mbele ya lango lake nimekumbatia kitabu kinene, ili wapita njia wakosee. Kitabu kilikuwa cha upishi. Kisha nikapata kazi ya kufundisha darasa la saba bila kusomea ualimu, na katika wiki mbili nikawa mtu asiyesema "asubuhi" ikiwa anaweza kusema "jua lilipokuwa likichungulia mawinguni".

Kijiji kilikuwa mstari mmoja wa nyumba za udongo na mabati. Waliokaa humo walikuwa watoto na wajukuu wa wale waliochimba bwawa zamani za mzungu mwenye shamba, wakabaki kuchuma kahawa yake, na baadaye kahawa ya walionunua shamba kwake. Walikuwa watu wabishi, wenye kusali sana na kuombana chumvi. Kwa miaka mingi waliishi kando ya maji yaliyojaa samaki na hawakula hata mmoja. Wazee walisema samaki ni nyoka aliyekosa urefu. Aliyewabadilisha ni mwenye duka, mzee Mwislamu kutoka Majengo ya Thika, ambaye babu zake walitoka pembe tatu za Afrika. Huyo alikuja na ndoana na kikaango, akakaa upande upepo unakotokea. Nilipofika mimi, kila nyumba ilikuwa ikikaanga samaki, na wazee wakisema ni wa watoto.

Mwaka huo shamba likapata meneja mpya. Akazungusha seng'enge bwawa lote, akaweka lango na kufuli, kwa sababu alitaka maji yote yaende kwenye maua aliyokuwa akipanda mahali pa kahawa. Wanawake wakaanza kuchota mtoni, mteremko mrefu wa kwenda na kilima kirefu cha kurudi, mtungi mgongoni. Cucu alikuwa na goti bovu. Akawa anagawiwa maji na majirani kidogo kidogo kama dawa. Hakulalamika, ila aliacha kuosha miguu kabla ya kulala, na akaacha kumwagilia sukuma wiki zake. Nilipoziona zimekauka ndipo nilipokasirika, na mimi hasira zangu huishia kwenye kalamu.

Wazee walimpelekea malalamiko mkuu wa tarafa, D.O., naye akaahidi kuja kusikiliza pande zote mbili. Alitoka magharibi ya nchi, kwa hiyo mambo yangesemwa kwa Kiswahili, na aliwataka watu waje na historia yao ya mahali pale, imeandikwa. Wazee wakatazamana, kisha wakanitazama mimi.

"Mwalimu anajua Kiswahili ya kitabu," mmoja akasema.

Nilikataa kwa unyenyekevu, kwa muda usiozidi pumzi moja.

Nilikaa na cucu alasiri tatu, maana ndiye pekee aliyebaki kati ya waliochimba. Alisimulia kwa Kikuyu huku akipukuchua mahindi. Kikuyu changu kilikuwa cha mjini, cha kuombea chai na kugombana na dada zangu. Sasa, Kikuyu kina neno iria, ambalo ni ziwa, na neno hilo lina pacha wake, iria, ambalo ni maziwa ya kunywa. Wenye lugha huwatofautisha kwa jinsi mazungumzo yanavyokwenda. Mimi nilikuwa nakwenda mbele ya mazungumzo. Cucu aliposema kwamba kazi ilipozidi ugumu mzungu aliwapa iria, kalamu yangu iliruka. Aliwapa ziwa! Kesi imekwisha! Sikuuliza neno lingine, nikakimbia kuandika kabla uhondo haujapoa.

Bado nayakumbuka niliyoandika, kwa sababu adhabu ya maneno mabaya ni kuyakumbuka. "Hapo jadi na jadudi, kabla kunguru hajajua kwamba yeye ni mweusi, mababu zetu walitindua jabali kwa kucha na meno. Naye bwana mkubwa, moyo wake ukayeyuka mithili ya siagi juani, akawatunuku ziwa hili, wao na vizazi vyao, hadi Kiyama." Hakukuwa na jabali lolote. Vizazi na Kiyama niliviongeza mwenyewe nilipoona sentensi inachechemea.

Nilikwenda kumsomea mwenye duka, kwa kuwa ndiye pekee kijijini ambaye Kiswahili kilikuwa lugha ya nyumbani kwake. Alisikiliza huku akifunga sukari kwenye karatasi.

"Hii ni historia au ni harusi?" akauliza.

"Ni historia, mzee."

"Na bibi yako umemsomea?"

Nikamwambia cucu hajui Kiswahili cha namna hiyo.

"Hata mimi sikijui," akasema. "Msomee tu, mwanangu. Maneno ni yake."

Sikumsomea. Nilijiambia kwamba mzee amenionea kijicho.

Baraza lilifanyika juu ya mlima wetu, mbele ya kanisa. D.O. alipewa kiti cha mhubiri. Meneja alikuja na viatu vilivyong'arishwa, akasimama mahali pasipo na vumbi. Nilisoma kwa sauti niliyokuwa nikiifanyia mazoezi bafuni, na kila palipotajwa ziwa nikanyoosha mkono kuelekea majini. Watu walipiga makofi, hasa wale ambao hawakuelewa. D.O. aliandika kitu na kutikisa kichwa kwa kuridhika. Nikaketi, na moyoni nilikuwa nimekwisha kualikwa Juja kuhutubia wanafunzi.

Meneja akasimama. Alikuwa mtu wa huku huku kwetu, na hakuwa mjinga.

"Mheshimiwa, Kikuyu iria ni ziwa, na iria ni maziwa pia. Mimi niko na swali moja tu, na si ya mwalimu." Akamgeukia cucu, akainama kidogo kwa heshima. "Cucu, hiyo iria mzungu aliwapatia, ilikuwa ile ya kuoga ama ile ya kukunywa?"

Ndipo nikakumbuka kwamba swali hilo sikuwahi kumwuliza. Nilimtazama cucu. Neno moja tu lingetosha, na kila mtu pale mlimani alikuwa akimwombea aliseme. Aliweka mikono yote miwili juu ya fimbo yake. Cucu alikuwa mtu ambaye akiazima sindano kwa jirani huirudisha na uzi wake.

"Ya kukunywa," akasema. "Mukebe moja, kila jioni."

Meneja akaketi. Watu wakaguna. D.O. akanitazama juu ya miwani yake, nami nikatamani udongo wote ule urudi shimoni ulikotoka, pamoja nami. Nilikuwa nimewapokonya watu wangu maji kwa sababu nilipenda mno sauti yangu. Sijaona aibu kama ile tena, na nimeona nyingi.

"Rakini hajaniuliza ilikuwa ya nini," akasema cucu.

D.O. akamwambia aendelee. Cucu akasimama, akasema kwa Kiswahili chake, ambacho sikuwa nimewahi kumsikia akikitumia mbele za watu.

"Sisi wanawake tulikuwa tunanyonyesha. Tunachimba kutoka asubuhi mpaka giza, watoto tumewaweka hapo chini ya kahawa. Jua kali, chakula kidogo. Maziwa yetu ikakauka. Watoto wakalia. Mzungu akasema hiyo kelele inamsumbua, akaleta mukebe ya maziwa ya ng'ombe. Watoto wengine walikunywa. Wangu alikataa. Nirimzika hapo chini, kwa ukingo, kabla maji haijafunguliwa. Maji ilipokuja ikapita juu yake." Akamtazama meneja, bila hasira. "Hiyo iria ya mzungu ilikunywewa, ikaisha. Hii ingine hakuna mtu alitupatia."

Hakuna aliyepiga makofi. Meneja alitazama viatu vyake. D.O. naye hakutoa hotuba, alikuwa mtumishi wa serikali. Alifunga daftari, akasema lango litakaa wazi mchana kutwa, watu wachote, shamba nalo lipate lake, mpaka itakapoamuliwa vingine. Kwa miaka yote niliyokaa kule haikuamuliwa vingine. Historia yangu alinirudishia, ameishika kwa vidole viwili.

Jioni hiyo cucu alishuka majini na mtungi wake mdogo, nami nikamfuata nyuma nikiomba msamaha kwa lugha tatu, zote mbovu. Alijaza mtungi kwanza. Nikamwuliza kwa nini hakunieleza habari za mtoto katika zile alasiri tatu.

"Ulikuwa unaandika haraka sana," akasema.

Nikaketi kwenye nyasi. Sikuwa na kalamu. Nikamwuliza kama alikuwa wa kike au wa kiume. Wa kike. Nikauliza alikuwa wa ngapi. Wa kwanza, akasema, ndipo akaja baba yako. Sasa kwetu majina hayachaguliwi, yana foleni yake, na mtoto wa tatu wa kike hupewa jina la dada mkubwa wa baba. Mimi ni wa tatu. Dada wa baba niliyemjua mimi alikuwa mmoja tu, mdogo wake, aliyekaa Mwiki, na jina lake si langu. Miaka yote hiyo, mwandishi wa historia za watu, sikuwahi kuuliza langu lilitoka kwa nani.

Nikamwuliza cucu mtoto aliitwa nani. Aliweka mtungi chini, akaniangalia, kisha akataja jina langu.