Jioni Saba Bila Ugali

Mume wangu alifariki mwaka juzi. Waliokuja kutupa pole walimsifu kwa mengi, na yote yalikuwa kweli, lakini hakuna aliyetaja kwamba alikaa zaidi ya nusu ya maisha yake bila kula ugali. Walioijua habari hiyo kwa undani tulikuwa watatu: yeye, mama yake na mimi. Wawili wametangulia. Shule yangu iliishia darasa la nne, kwa hiyo nitaandika kama ilivyotokea tu.

Ilikuwa katikati ya miaka ya sabini. Tulikaa Uyole, yeye akiwa fundi katika gereji ya malori kando ya barabara kuu. Alikuwa mtu wa Iringa, mrefu, aliyeweza kulibeba gurudumu la lori bila kuomba msaada. Kisha tumbo likaanza. Akila, linajaa kama ngoma, halafu anaharisha hadi miguu inatetemeka. Alikonda mpaka akatoboa matundu mapya matatu kwenye mkanda wake kwa msumari. Zahanati walimpa dawa ya minyoo mara mbili, haikusaidia kitu. Mara ya tatu daktari alimbonyeza tumbo, akasema, "Hebu acha nafaka. Usile mahindi, ngano, ulezi, mtama wala mchele. Tuone."

Kwa mtu wa Iringa hiyo ilikuwa kama kuambiwa aache kulala. Kwao unaweza kushiba nyama na viazi mpaka ukafungua vifungo vya shati, lakini kama hakukuwa na ugali utasema hujala. Mimi nimezaliwa Tukuyu, kwenye migomba, na nakiri kwamba moyoni nilifurahi kidogo. Nilijua kupika.

Nilimpikia ndizi mbichi na nyama ya ng'ombe, nikaziacha zichemke hadi mchuzi ushike wenyewe. Nilimpikia magimbi kwa samaki wakavu wa Kyela. Wenzake gereji wakapata la kusema.

"Fundi, tumesikia umehamia kwa ngedere."

"Ngedere gani umewahi kumwona anashika tumbo?" aliwajibu.

Tumbo lilipungua kujaa, lakini halikuacha. Mwezi wa kwanza ukapita, wa pili ukapita, nyama haikurudi mwilini. Dereva mmoja wa lori akapeleka habari Iringa kwamba fundi analishwa ndizi na anakwisha. Siku chache baadaye mama yake alishuka kwenye basi na mfuko wa unga kichwani, dumu la togwa mkono mmoja na sanduku mkono wa pili.

"Kamwene, mama," nilimsalimia kwa lugha yao.

"Kamwene. Mwanangu yuko wapi?" Mume wangu alikuwa amesimama mbele yake. "Huyu? Huyu ni mti wa kuanikia nguo."

"Mama, naendelea vizuri."

"Nyamaza, baba. Mwenye njaa hajui anakoendelea." Kisha akanigeukia. "Sikugombezi, mwanangu. Kila mtu hupika cha kwao. Lakini Jumamosi ijayo narudi naye. Atakula ugali wangu, atapona."

Mume wangu aliinamisha kichwa. Hakuwahi kumkatalia mama yake jambo, na nilijua hataanza siku hiyo. Akienda, gereji wangeweka fundi mwingine. Hilo lingevumilika. Lililonitisha ni ule ugali. Nilikuwa nimeona unavyomfanya, na nilijua asingerudi kwangu akiwa hai.

Mama akammiminia togwa, naye mwanawe akanywa vikombe viwili kwa furaha. Kesho yake asubuhi alikuwa amejikunja kitandani.

"Unaona?" mama alisema. "Ndizi zako hizo!"

Nilifungua mdomo nimjibu. Kikombe kilikuwa mkononi mwangu, nataka kukiosha, na ndani yake, chini kabisa, palikuwa na unga umetuama. Nikatoka nacho hadi jikoni.

Nyuma ya mlango wa jiko nilikuwa na kibuyu changu mwenyewe. Kila wiki nilipika uji wa mahindi, nikatia kimea cha ulezi, nikaacha uchachuke, naye akabeba chupa kwenda gereji. Nilijisifu kwamba hata siku asiyo na hamu ya kula, togwa anakunywa. Daktari alisema asile nafaka. Kwetu na kwao, togwa hailiwi. Ni kinywaji, kama maji. Haikunijia hata mara moja kwamba nilikuwa namnywesha mahindi yaleyale niliyomnyima kwenye sahani.

Ningeweza kusema dumu la mama ndilo lililomuumiza, na ingekuwa nusu ya kweli. Nilikaa na wazo hilo hadi mchana. Halafu nikakileta kibuyu, nikakiweka mbele ya mama, nikamweleza.

Alikinyanyua, akakinusa. "Kwa hiyo unasema togwa yangu imemuumiza mwanangu."

"Yako siku moja, mama. Yangu miezi miwili."

Akacheka, kicheko kifupi cha puani. "Basi mpaka Jumamosi. Asiguse hata tone. Nami nitakaa hapahapa jikoni nikuangalie mikono."

Alikaa kweli, juu ya kigoda, na hakunyamaza. Jioni ya kwanza nilipika viazi mviringo na majani ya maboga ya karanga. Akasema karanga hazikupondwa vizuri, akaziponda yeye. Ya pili ilikuwa kuku wa kienyeji kwa ndizi. Ya tatu nilifukia viazi vitamu kwenye majivu, tukavila na nyama ya mbuzi ya kuchoma. Ya nne mume wangu aliomba aongezewe. Mama aliacha kutafuna, akamtazama. Ya tano, uyoga aliouchagua mama mwenyewe sokoni, kwa sababu mambo ya uyoga, alisema, watu wa migomba hawayajui. Ya sita, magimbi na samaki. Mama alisema hana njaa, kisha nikamkuta anakomba sufuria.

Jumamosi tulikula mapema, ndizi na nyama, ili awahi basi la jioni. Wiki nzima mume wangu alikuwa amelala usiku bila kuamka kukimbilia nje. Alipoinuka kutoka kwenye mkeka, mama alimshika mkanda mbele yangu, akauvuta, ukagoma. Mwanawe alikuwa ameulegeza kwa tundu moja.

"Baba, sanduku langu," mama alisema.

Mume wangu alilibeba begani hadi kituoni, hatua ndefu kama zamani, nasi wanawake tukimkimbilia nyuma. Kondakta alimuuliza mama kama ni abiria wawili, maana ndivyo alivyokuwa ameagiza.

"Mmoja," alisema. "Huyu ana mke."

Alipanda, akakaa dirishani, na kabla basi halijaondoka niliwasikia abiria wa Uyole, waliomwona akikonda, wakiulizana nini kimemponya yule kijana. Mama akawajibu kwa sauti ya kutosha kituo kizima, akinionyesha kwa kidole, "Ni mapishi ya huyu mkwe wangu!" Sikujua niweke wapi uso wangu. Mume wangu alikuwa ananicheka, mashavu yake yameanza kujaa, na aliishi miaka mingi sana baada ya jioni ile.