Mume Anataka Nifiche Sindano Kwenye Sanduku, Nesi Anakataa

Mwanangu ametoka sasa hivi kunisukumia kipande cha sukari guru mdomoni. Nilikuwa nimechuchumaa jikoni napuliza moto, jasho linanitoka kwa moshi tu. Akaniona, akakimbilia kikapu, akarudi: "Mama, kula." Ana miaka mitatu. Watoto wa wenzangu wanacheza, wangu amejifunza kumchunga mama yake asianguke. Nimetafuna huku nalia, ndipo nikachukua kalamu.

Wenye ukurasa, jina langu libaki kwenu. Nina miaka ishirini na mbili, naishi Tororo mjini, Uganda, nimesoma mpaka darasa la tano, nikikosea mnivumilie. Tangu nikiwa msichana nina ugonjwa wa sukari, ule wa kujichoma insulini asubuhi na jioni. Sindano yangu ya kioo naichemsha kwenye kisufuria chake. Chupa ya dawa nimeifunga kwa nailoni, inakaa ndani ya mtungi wa maji, maana friji hatuna.

Mume wangu ni fundi wa malori, mwaka jana alipata kazi Jedda. Sasa ametutumia tiketi mimi na mtoto, tunapandia ndege Nairobi mwezi ujao. Nilirukaruka kama mtoto mdogo! Lakini barua iliyokuja na tiketi ndiyo imenivuruga. Anasema, "Zile sindano na dawa weka ndani kabisa ya sanduku kubwa, katikati ya nguo. Usimwonyeshe mtu. Wakijua unaumwa watakurudisha."

Nikampelekea barua hiyo nesi mmoja anayenijua siku nyingi, mama wa kijiji cha Molo hapa karibu, asiyeficha neno. Alinigombeza mpaka wagonjwa wakageuka. "Sanduku kubwa linakaa tumboni mwa ndege, na huko kuna baridi! Insulini ikiganda imekufa, hata ikiyeyuka usiiguse. Na sanduku likipotea, utajichoma nini, mate?" Akasema nibebe mkononi, pamoja na kitu cha kutafuna. Tena nisijichome mpaka nione chakula kimewekwa mbele yangu, maana wanaweza kuchelewa kugawa. Na niwe na barua ya daktari yenye muhuri.

Muhuri! Daktari aliyekuwa akinitibu hayupo tangu kabla ya Ramadhani, na hakuna anayethubutu kuuliza yuko wapi. Nesi anaweza kuandika, lakini muhuri umefungiwa kabatini na ufunguo alikuwa nao daktari. Kwenda ofisi nyingine ya serikali naogopa. Utaulizwa mume wako alitoka lini, alipita wapi, nani alimruhusu.

Wiki mbili zilizopita nilivuka mpaka wa Busia na mwanangu kufuata dawa upande wa Kenya, kwetu chupa zimekwisha. Kurudi, askari akafungua kikapu.

"Hii nini? Wewe nachoma nani?"

"Najichoma mwenyewe, afande. Nina ugonjwa wa sukari."

Akachimba chini, akakuta sukari guru yangu. Akawaita wenzake. "Kuja ona! Mama huyu nasema iko na ugonjwa ya sukari, halafu nabeba sukari! Hii magendo."

Mstari mzima ulicheka, hata mwanamke mmoja wa kijiji cha Sikuda aliyekumbatia kuku. Ningewaelezaje kwamba dawa ikinizidi, sukari ndiyo inayonirudisha? Siku hizi hata dukani sukari haionekani, ndiyo maana natembea na guru. Akanikalisha juani. Nilikuwa nimejichoma alfajiri na sijala. Mikono ikaanza kutetemeka, ulimi ukawa mzito.

"Ona, tena nakunywa waragi mbele ya mtoto!"

Mwanangu akaokota kipande kilichoanguka mavumbini, akanitia mdomoni. Yule wa kuku akaacha kucheka. "Afande, huyu hajalewa. Huyu anakufa."

"Basi toka hapa, peleka kifo yako nyumbani."

Chupa zangu zilipona. Lakini tangu siku hiyo nyumbani sina usemi. Mama mkwe anasema, "Umeona? Mume wako si alikwambia ufiche? Siku moja bila sindano haiui mtu." Shemeji ndiye atakayetuvusha kwa lori lake. "Shemeji, barabara mimi naijua. Sanduku kubwa wanapapasa juu juu tu. Ukibeba mkononi umetuuza sote." Wanapanga kana kwamba mwili ni wao! Nimechoka. Anayejua siku moja bila sindano ikoje ni mimi, siyo wao.

Na sasa niseme lililonileta hapa. Mume wangu hajawahi kuniona nikianguka. Nikihisi inakuja nilikuwa naingia stoo, najifungia na guru yangu mpaka ipite, nikitoka namwambia nilikuwa napanga magunia. Nilitaka aone amepata mke mzima. Ndiyo maana anaziona sindano kama hirizi, kitu cha kufichwa tu. Kosa hilo ni langu.

Jana nimeshona kimfuko cha kitenge cha kuvaa shingoni, ndani ya nguo. Chupa mbili zinaingia, na sindano yake.

Nyie mliowahi kupanda ndege na dawa hii, nisaidieni kabla siku haijafika. Nimwandikie mume wangu ukweli wote, hata kama atakasirika azuie safari? Au ninyamaze, nivuke na kimfuko changu, nimweleze tukionana uso kwa uso? Na bila muhuri, nikiulizwa niseme nini? Msinicheke tu, nimechekwa ya kutosha. Barua hii navushiwa na jirani yangu muuza mayai, aitie posta upande wa pili, huku barua zinafunguliwa. Huyo ananiita mlangoni, "Mama mtoto, mimi nakwenda, jua kali, mayai yataharibika!" Nakuja, dada! Na bado sijawaambia kwamba mtoto naye nimemshonea kimfuko chake, ndani yake nimetia vipande vya guru, anitie mdomoni nikianguka.