Mashine Yangu, Jicho Lake

Kofi la kwanza alilipiga mwenye maharage mwenyewe. La pili sikuona limetoka wapi, maana neno "Mwizi!" lilishatoka, na Kariakoo neno hilo likishatoka hakuna anayeuliza kaiba nini. Mateke, matofali, chuma cha mkokoteni. Mpimaji wa mizani, mtu mzima niliyekuwa nikimwamkia shikamoo kila asubuhi, alikuwa chini, damu puani, anapiga kelele: "Jamani, mashine! Siyo mimi, mashine!"

Alisema kweli. Programu ya mizani ile niliiandika mimi.

Kila gunia likipimwa, programu iliomba nafasi kwenye kumbukumbu ya kompyuta: idadi ya magunia mara ukubwa wa rekodi moja. Jibu nililiweka kwenye namba ndogo, ambayo ikijaa inarudi sifuri, kama mita ya gari kuukuu. Mwenzangu kazini aliniambia nikague kabla ya kuzidisha kama jibu litaenea. Nikamcheka. "Lori moja magunia mia tatu, bwana! Itajaa saa ngapi?" Kiburi tu, mjinga mimi! Sikujua kwamba pale ghalani orodha ya magunia haifungwi lori likiisha. Inafungwa mzigo wote wa mwenye mali ukiisha, na huyu mwenye maharage, bwana kutoka kusini, alileta malori saba.

Gunia la elfu mbili na arobaini na nane, hesabu ikarudi sifuri. Programu ikapewa nafasi ya sifuri, lakini ikaendelea kuandika, ikavuruga namba zilizohifadhiwa jirani, ikiwemo ile ya kurekebisha uzito. Gunia la kilo mia likasoma sitini. Mwenye maharage akaona anaibiwa mchana kweupe.

Nilikuwa hatua kumi tu, kompyuta kwapani. Nilielewa palepale. Nikafungua mdomo, nikaona mtu ananyanyua tofali, nikaufunga. Niliogopa, basi. Polisi walipofika, jicho la kushoto la mpimaji lilishapasuka.

Nilimfuata hospitali, nikamweleza yote huku nalia, hata kwamba kosa nimeshalirekebisha. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kulirekebisha kosa hilo kumekuchukua muda gani?"

"Dakika tano, mzee wangu. Ni mstari mmoja tu wa programu."

Akanigeuzia jicho lililobaki. "Na kusema pale kwamba ni mashine, mwanangu, kungekuchukua muda gani?"