Jina Alilonibandika Dismasi

Dismasi profeseri aliniharibia jina mbele ya watu, na kama munangojea niseme nimemusamehe, mutangojea sana.

Aliita karitiye yote, sie majirani wote, mu ua wake kuangalia filme. Si filme ya kupigana. Ni ya polepole, mutu anaangalia dirisha mpaka weye unasinzia. Ni wazungu wa zamani sana: watu wanakufa, basi wanamushika mumama mumoja muzee, wanasema ametia sumu mu kisima. Filme ikaisha. Nikauliza, "Sasa, alitia ao hakutia?"

Dismasi akacheka. "Mama Asiya, hii filme haijibu. Inaomba akili. Mie nimesoma vitabu vya mwayenaje, ile miaka wazungu walikuwa wanaona murogi mu kila mumama muzee. Na weye uko mulemule mu mwayenaje, unatafuta murogi."

Nimekaa pale mpaka matako yameuma, na kuuliza ni ujinga?

Watu wakacheka. Kesho yake, kwenye soko: "Mama Mwayenaje, mawese bei gani?" Miaka yote tangu siku hiyo. Mukwe wangu Sabrina, siku ya kwanza anaingia kwangu, alinisalimia na hilo jina. Alifikiri ni heshima.

Muzee wangu, bwana yangu, akafariki. Siku ya arobaini Dismasi naye akaja, na koti yake. Nikawapa watu jusi ya marakuja. Kwetu huku, mwenye kukupa kinywaji anaonja kwanza, uone hakuna kitu ndani. Maisha yangu yote ninaonja. Kilauri cha Dismasi sikukionja. Kwa kusudi.

Wote wanakunywa, yeye ameshika tu. Protasi muvuvi akamuuliza, "Profeseri, iko na kidudu?"

"Nitakunywa." Halafu akaniinamia, polepole: "Mama, hujaonja."

"Nionje nini?" Nikasema kwa sauti, watu wote wasikie. "Unaogopa mumama muzee atakutilia sumu? Vitabu vyako vinasema nini juu ya mutu kama weye?"

Protasi akacheka mpaka jusi ikamupitia puani. Wengine wakamugeukia, wanamuangalia. Dismasi akatoa jasho.

"Mama Asiya," akasema, "nilikukosea. Hilo jina nililiweka mie, na leo ninaliondoa mbele ya hawa watu."

"Kunywa kwanza," nikamuambia.

Akakunywa yote, mie nimesimama palepale.