Kidonda Kilichogeuzwa Ushahidi

Mpaka leo nikiukumbuka mguu wa mwenzangu, hasira zinanipanda upya. Alikuwa Msukuma wa Samuye, kule Shinyanga. Tulifika pamoja machimboni Geita, tukashuka duara moja, yaani shimo moja la kuchimbia dhahabu. Jiwe lilimchana muundi, na wenzetu wakafanya kama ilivyo kawaida ya pale: wakapasua betri ya redio, wakamwaga ule unga mweusi kwenye jeraha. Kila asubuhi wakabandua kigaga na kumwaga mwingine. Wiki ya tatu kidonda kilikuwa bado wazi, kinanuka.

Msimamizi wa duara akahukumu mbele ya watu wote. "Kidonda cha mwizi hakifungi. Sema, jiwe la dhahabu lililopotea umelificha wapi?"

"Nimelimeza, mkuu," mwenzangu akajibu. "Subiri niende chooni."

Watu walicheka mpaka wakashika matumbo, lakini siku hiyohiyo alifukuzwa, na maduara ya jirani nayo yakamkataa.

Nilimpakia kwenye pikipiki hadi zahanati. Muuguzi, mama wa makamo, aliuliza ni nani alikuwa akikichokonoa kidonda. Tulipomweleza, alitutazama kama wajinga. Tulikuwa wajinga kweli.

Shule niliiacha darasa la tano, lakini kuuliza sijaacha. Nikamwuliza ngozi inajuaje kujifunga.

"Seli zimeshikana kwa protini," alisema huku akisafisha. "Ukikatwa, kuna protini nyingine zinazopeleka taarifa: nyie wa pembeni, legezeni mshiko, tambaeni. Zikikutana katikati, zinaambiwa zishikane tena. Nyie kila asubuhi mnazing'oa zikiwa njiani, halafu mnazimwagia sumu!"

"Kwa hiyo wizi haumo, mama?"

"Wizi gani, mwanangu? Seli inajua dhahabu ya nani?"

Baada ya siku kadhaa za kusafishwa na kuachwa kitulie, kingo zilianza kusogeleana, nyekundu na safi. Nikarudi mbio kwa msimamizi, nimejaa ushahidi. Alinisikiliza akitafuna muwa.

"Basi jiwe amelirudisha," akasema. "Ndiyo maana kinafunga."

Kisifunge, mwizi. Kifunge, mwizi. Nikamwuliza kwa nini yeye, alipokatwa kidole, alikimbilia hospitali asipasue betri.

"Mimi wa hospitali," akajibu, akatema makapi.

Mwenzangu alitembea vizuri hadi stendi na kupanda basi la Shinyanga. Hakuna aliyemwomba radhi. Pale duarani, habari zake ziliendelea kusimuliwa kwa wageni kama onyo, na mimi kila niliposikia nilibishana, hadi wakanitimua.