Mwana wa Lida

Harufu ya uduvi mkavu hapa sokoni imenirudisha darasani Msambweni. Mwalimu wetu, mtu wa bara, alitufundisha maneno ya Kiingereza ya mtu anayetangulia wengine: kapteni, lida. Akatutaka tumtaje mmoja. Wenzangu walimtaja chifu.

"Mama yangu," nikasema. "Wanawake wakienda kutanda uduvi, kuuvua kwa kanga, yeye ndiye wa kwanza kuingia majini."

Darasa likacheka. Mwalimu hakucheka; aliandika "Mama" ubaoni, kwa herufi kubwa. Jioni nilimweleza mama, akalijaribu neno lile "lida" ulimini, na kesho yake akawatambia wenzake ufuoni.

Sasa bibi muuza uduvi ananikazia macho.

"Wewe si mwana wa Lida?"

"Shikamoo, bibi. Ndiye mimi."